Stori imekwama kwa mhariri: dalili, chanzo na namna ya kuinusuru

Umetuma stori kutoka Tanga asubuhi. Majina yako sawa, picha ipo, kila aliyetajwa umempigia simu. Kesho yake unafungua gazeti, hakuna hata mstari. Ukiuliza unajibiwa "haina uzito", jibu lisilosaidia kitu, kwa sababu halikwambii urekebishe wapi.

Nimehariri stori za waandishi wa mikoani kwa muda mrefu, na nyingi ninazozirudisha hazikosi ukweli wala tukio. Zinakosa badiliko. Mwandishi ameeleza jambo lilivyo. Hakueleza kimegeuka nini, tangu lini, na ni nani anayeguswa na mgeuko huo. Darasani tulifundishwa vigezo vingi vya habari: upya, ukaribu, athari, umaarufu, mgogoro, ajabu, mguso wa kibinadamu. Vyote ni vya kweli. Ila mwandishi aliyekwama huvihesabu, akifurahi kwamba stori yake inavyo vinne au vitano, badala ya kutafuta kile kimoja kilicholegea. Hapa nimepanga kwa dalili. Anzia penye hali inayofanana na yako, usijali mpangilio.

Mhariri anauliza: "Sasa habari iko wapi hapa?"

Umetuma mada. "Uvuvi haramu mkoani Tanga" ni mada. "Changamoto za wakulima wa mkonge" ni mada pia, tena imeandikwa tangu babu zetu wakiwa vibarua mashambani. Mada haina siku wala mtu, na inaweza kuandikwa wiki ijayo bila kupoteza chochote, ndiyo maana mhariri anaisukuma hadi wiki ijayo, kisha ijayo tena.

Kipimo chake ni rahisi. Mweleze stori yako mtu aliyekaa karibu nawe kwenye daladala ya Raskazone, kwa sentensi moja, yenye mtu aliyefanya kitu. Ukijikuta unaanza na "unajua, kuna suala la...", bado hujapata habari.

Chukua bandari yetu. "Bandari ya Tanga imeboreshwa" imeandikwa mara nyingi mno, na kila ikiandikwa hivyo inapita bila kuacha alama. Lakini kumbuka kilichokuwapo kabla. Meli kubwa hazikuweza kufunga gatini kwa sababu kina hakikutosha. Zilitia nanga mbali, mzigo ukahamishiwa kwenye matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, na matishari yakaleta mzigo nchi kavu. Maboresho ya awamu mbili, yaliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429, yameleta gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Hapo sasa pana badiliko. Uliza linamgusa nani: kuli aliyezoea kazi ya tishari, dereva wa lori la mzigo wa nje ya nchi, mfanyabiashara wa Arusha anayepiga hesabu upya kama apitishie kontena lake Tanga au Dar es Salaam, mama lishe wa karibu na lango. Kila mmoja ni stori yake. Chagua mmoja, kaa naye, waache wengine kwa siku nyingine. Ukiwaweka wote kwenye stori moja utakuwa umerudi kwenye mada.

Aya ya kwanza inaanza na cheo

"Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi kulinda miundombinu ya maji." "Mgeni rasmi amewaasa vijana kuchangamkia fursa." Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inakula kurasa ambazo watu wa mkoa huu wangezitumia kujua mambo yao.

Chanzo chake ni kukipa kigezo kimoja kazi ya vyote. Umaarufu ni kigezo halali, wala hatukukibuni sisi. Mwaka 1965 watafiti wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchunguzi wao wa namna magazeti ya Norway yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Kupro. Walitaja mambo 12 yanayolisaidia tukio kuwa habari, na miongoni mwake ni kuhusika kwa mataifa makubwa na watu wakubwa. Hawakusema kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa; walikuwa wanaonyesha jinsi uteuzi huo unavyoipotosha picha ya dunia. Sisi tumechukua upungufu waliouona tukaufanya kanuni ya kazi.

Kagua vitenzi. Amewataka, amewaasa, amesisitiza, amepongeza, ametoa wito: baada ya vitenzi hivi hakuna kilichogeuka duniani. Amesimamisha, amefuta, ametia saini, ameamuru, amekiri, amekataa: hivi vina mtu wa upande wa pili atakayeamka kesho na hali tofauti. Kama hotuba nzima haina hata kitenzi kimoja cha kundi la pili, hotuba hiyo si habari, hata iwe ya nani.

Ila usiondoke ukumbini mikono mitupu. Kwenye hafla zetu kuna kitu ambacho waandishi wengi hukisikiliza kwa sikio moja huku wakisubiri mgeni rasmi asimame: risala. Risala imeandikwa na wenyeji wenyewe, wavuvi, walimu, wakulima, kikundi cha akina mama, na baada ya salamu na shukrani, mara nyingi kwenye aya za katikati, wanasema kinachowauma. Wanataja kisima kilichokufa, deni lisilolipwa, boti iliyotolewa bila mashine. Omba nakala. Kisha msikilize mgeni rasmi kwa lengo moja tu, kujua kama amejibu lile lililosemwa kwenye risala au amelikwepa. Jibu lake likiwa na tarehe au kiasi cha fedha, unayo habari. Akikwepa, nenda kamuulize uso kwa uso, na ukwepaji wake unaweza kuwa habari kuliko hotuba.

Baki nyuma msafara ukiondoka. Watu huzungumza vizuri zaidi viti vinapopangwa juu ya viti, na mzee aliyenyamaza mkutano mzima atakwambia, "Mwanangu, hilo daraja tumeahidiwa tangu mwaka fulani."

Lazima niseme na kuhusu bahasha. Mwandaaji anakupa "nauli", nawe unajua ni zaidi ya nauli. Maadili ya kazi yetu yanakataza, na hilo kila mtu analijua; ninachotaka kuongeza ni athari yake kwenye uteuzi wa habari. Aliyelipwa kuhudhuria hawezi kurudi na kusema hapakuwa na habari. Analazimika kuitengeneza, na aya ya kwanza inaanza na cheo. Najua malipo ya mwandishi wa kujitegemea mkoani yalivyo madogo, na wenye vyombo wanaomtuma mtu Handeni bila nauli wanabeba sehemu kubwa ya lawama hii. Hata hivyo msomaji wa Handeni hakukosea lolote.

"Tunaijua hiyo, ni ya kila siku"

Hapa mhariri ana haki na hana haki kwa wakati mmoja. Galtung na Ruge waliliona tatizo hili: tukio fupi, linaloanza na kwisha kati ya toleo moja na jingine, huingia gazetini kwa urahisi, lakini jambo linalokwenda polepole halipati siku yake. Ajali ya basi ina saa. Bahari inayopanda mto haina.

Pangani ndiyo mfano wetu. Mto ule unakusanya maji kuanzia Kilimanjaro na Meru, unatumiwa njia nzima kwa umwagiliaji na umeme, na unafika baharini ukiwa na nguvu kidogo kuliko zamani. Maji ya chumvi yanaingia ndani ya mto, na wakulima walio karibu na mdomo wake wanaliona hilo kwenye mashamba yao. Ukiandika "maji ya chumvi yaathiri wakulima Pangani" utajibiwa kwamba iliandikwa, na kweli iliandikwa.

Dawa ni kutafuta siku ambayo jambo la polepole lilivuka mpaka. Siku kaya zilipoacha kuchota mtoni. Msimu mkulima alipoamua kutopanda mpunga tena akaliacha shamba. Siku pampu ilipong'olewa na kupelekwa juu zaidi. Wenyeji huzikumbuka siku hizi hata kama hakuna ofisi iliyoziandika, na ukipata watatu wanaokubaliana kuhusu msimu mmoja, unayo tarehe. Jambo ni lile lile la miaka, lakini sasa lina kizingiti kilichovukwa na mtu aliyekivuka.

Ongeza vipimo. Ofisi ya bonde la mto, mamlaka ya maji, halmashauri, kituo cha utafiti, wote hawa wana kumbukumbu. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kwa stori ya ajali siku 30 ni milele. Kwa stori ya namna hii ni muda mzuri kabisa: peleka barua yako leo, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, endelea na kazi nyingine. Na kama siku zikipita bila jibu, andika hivyo kwenye stori.

Mtaani inasambaa, mhariri hataki

Picha ya ajali imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kutoka Makorora hadi Korogwe kabla hujafika eneo la tukio. Unashangaa kwa nini dawati la habari linaikataa wakati "watu wanaitaka".

Kusambaa kumeingia kwenye vigezo, siwezi kulikana hilo. Tony Harcup na Deirdre O'Neill, waliopitia magazeti ya Uingereza na kutoa orodha mpya ya vigezo mwaka 2001, walipoirudia kazi hiyo mwaka 2017 waliongeza uwezekano wa habari kusambazwa mitandaoni. Nakubali kipo. Sikubali kitangulie. Kitu husambaa kwa sababu kinashtua, na mshtuko unakwisha kitu kikishatazamwa mara moja. Hausemi chochote kuhusu nani ataathirika kesho.

Wanafunzi wa uandishi wote wamesikia kwamba mbwa akimng'ata mtu si habari, mtu akimng'ata mbwa ndiyo habari. Msemo huo umewapotosha wengi, kwa kuwa wanaukomesha kwenye ajabu. Ajabu ikikosa swali linalofuata huisha siku hiyo hiyo. Ikiwa nalo inaweza kuishi miaka, na sisi watu wa Tanga tuna ushahidi baharini kwetu.

Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 walianza kunaswa Tanzania, na pwani ya Tanga ndiyo iliyotoa wengi. Mwandishi angeweza kuishia kwenye picha: samaki mkubwa, magamba magumu, mapezi kama viungo, wavuvi wamezunguka. Hiyo ni ajabu tupu, ya siku moja. Waliouliza "kwa nini sasa, kwa nini wengi namna hii?" ndio waliofika kwenye habari. Majarife, yaani nyavu kubwa za kunasia papa, yalikuwa yanategwa kwenye maji ya kina kirefu zaidi, kule ambako silikanti anaishi. Hapo samaki wa ajabu akawa stori ya zana za uvuvi, ya papa wanaopungua karibu na pwani, ya kipato cha mvuvi anayelazimika kwenda mbali, na hatimaye ya sera: mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mvuvi aliyeambiwa tangu hapo asitege jarife eneo fulani ni habari nyingine, na bado haijaandikwa ya kutosha.

Kwa hiyo ukiwa na ajabu mkononi, usiitume usiku huo huo. Uliza kwa nini limetokea sasa. Likiwa na jibu, tuma jibu na ajabu viende pamoja. Lisipokuwa na jibu, na ndani yake mna mwili wa mtu au aibu ya familia, liache lilivyo. Maiti ya mtu barabarani si mali ya umma kwa sababu tu mpita njia alikuwa na simu.

Stori ya fedha, sahihi kabisa, hakuna anayeifungua

Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu ya maji, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lilikuwa jambo kubwa, mamlaka ya maji ya mkoa kukopa moja kwa moja kutoka kwa wawekezaji. Stori nyingi zilijaa hafla, pongezi na istilahi.

Hapa hakikosekani kigezo cha uzito; fedha zenyewe ni uzito. Kilichokosekana ni bomba la maji la nyumbani kwa msomaji. Hatifungani hii inalipwa kwa mapato ya mamlaka yenyewe, na mapato hayo chanzo chake kikuu ni bili. Basi mwenye bomba ana haki ya kujua deni ni la miaka mingapi na riba yake ni asilimia ngapi kwa mwaka (ni miaka 10, asilimia 13.5), mtaa gani utaanza kupata maji, na bili itabaki pale pale au itapanda. Aliyeandika hivyo alisomwa. Mhariri akisema "hii ni ya kurasa za biashara", mpe swali la bili kwenye aya ya kwanza, uone itakavyohama.

Nitaje hapa pia, kwa sababu mfano huu ni wa habari njema: Harcup na O'Neill waliona habari njema zinaingia gazetini kwa haki yake. Dhana kwamba lazima pawe na maiti au wizi ni uvivu. Habari njema hukataliwa pale inapoandikwa kama tangazo, bila gharama, bila anayeilalamikia, bila swali.

Dar es Salaam wanaikataa kwa kuwa ni "ya huko huko"

Ukaribu unafanya kazi kwa namna mbili, na wengi wanaijua moja. Upo ukaribu wa ramani, na upo ukaribu wa hali. Familia ya Chongoleani, hapa Tanga, iliyopisha mradi wa bomba la mafuta iko mbali na msomaji wa Kagera, mbali sana. Lakini bomba hilo la kilomita 1,443, linaloanzia Hoima nchini Uganda, linapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara kabla ya kufika kwetu. Stori ya fidia Chongoleani ina ndugu zake katika mikoa saba. Piga simu mbili, uliza wenzao walilipwaje, weka aya moja. Stori haitakuwa tena ya huko huko.

Ila zipo stori ambazo kweli ni za hapa, na sioni haja ya kuzinyosha ili zimfurahishe mhariri wa mbali. Kivuko kilichobadilishiwa ratiba, bei ya dagaa katika soko la samaki la Deep Sea, zahanati iliyokosa mkunga: kwa anayekaa karibu, hizi zina uzito kuliko kikao cha baraza la mawaziri. Peleka kwenye redio za mkoani. Tanga haikuanza jana kujiandikia habari. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Magila, kule Muheza, walichapa Habari za Mwezi kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa mjini kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Magazeti yale yalikuwa na mabwana zake na makusudi yao, lakini yalithibitisha kwamba habari za miji yetu zina wasomaji.

Umechelewa

Tukio la Jumatatu limekufikia Alhamisi. Usilidanganye kwa kuandika "hivi karibuni", mhariri analitambua neno hilo mara moja. Tafuta kilichotokea tangu Jumatatu: nani amekamatwa, nani amehamishwa, mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitali ya Bombo au bado amelazwa. Anza na hilo la Alhamisi, na la Jumatatu liwe aya ya pili. Kama tangu Jumatatu hakijatokea kitu chochote ilhali kulikuwa na ahadi, basi kutotokea huko ndiko kwa kuanzia.

Imekubaliwa, kisha haikutoka

Hapa inawezekana kabisa stori yako haina kasoro. Gazeti ni la kurasa zenye hesabu, na kila stori hushindana na za siku hiyo. Siku bajeti inasomwa Dodoma mwezi Juni, hakuna stori ya soko la samaki itakayopata nafasi nzuri, hata iandikwe vizuri namna gani. Vilevile wakiwa na stori mbili za ardhi tayari, ya tatu itangoja.

Mpigie mhariri kabla ya kikao chao cha jioni, umuulize kwa adabu kama imesogezwa au imetupwa, maana ni mambo mawili tofauti. Ikiwa imesogezwa, mwambie ina uhai hadi lini: "Kesi inatajwa Jumanne, baada ya hapo haifai tena." Wahariri hawawezi kujua kalenda ya Mahakama ya Mwanzo ya Pangani wasipoambiwa. Ikiwa imetupwa, omba sababu moja, kisha irudie kwa dalili zilizotajwa hapa.

Mpigie pia aliyekupa habari, umwambie haijatoka na kwa nini. Muulize kama kuna kilichoongezeka tangu mlipozungumza. Likiwepo la kuongeza, ndilo la kuanzia aya ya kwanza utakapoituma tena.